Hesabu Meno Kwanza: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Gia

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya wenzo na kapi, na mwishoni tukagusia gia kwa sentensi moja tu. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Tumechagua nane, tukazifupisha bila kubadili kilichoulizwa, na tumezipanga ili msomaji asiyejua lolote kuhusu gia aweze kufuata kuanzia ya kwanza.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba mashine rahisi ziko sita: wenzo, gurudumu na ekseli, kapi, mteremko, kabari na skrubu. Gia haimo. Lakini kitabu changu cha mazoezi kinaiweka gia pamoja na mashine rahisi. Nimfuate nani? Na kama gia ni mashine rahisi, inarahisisha nini hasa? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Mwalimu wako na kitabu chako hawagombani, ila kila mmoja ameanzia mahali pake. Orodha unayoitaja ni ya kale sana. Heron wa Aleksandria, aliyeishi katika karne ya 1, alihesabu mashine tano, na mteremko ukaingizwa karne nyingi baadaye. Heron huyohuyo alieleza mtambo wa kunyanyulia mizigo mizito uliojengwa kwa magurudumu yenye meno, lakini hakuona haja ya kuyapa magurudumu hayo nafasi ya pekee katika orodha yake, huenda kwa kuwa aliyachukulia kuwa ni gurudumu na ekseli tu, moja limeshikana na jingine. Nami nakubaliana naye. Gia si mashine ya saba, bali ni wenzo uliopewa uwezo wa kuzunguka bila kufika mwisho.

Tazama wenzo wa kawaida, kwa mfano mtarimbo uliotiwa chini ya jiwe. Unaukandamiza, jiwe linainuka kidogo, kisha mtarimbo unagota chini, na kazi imekwisha mpaka uupange upya. Sasa chukua gia mbili zilizoshikana. Jino la gia ndogo linasukuma jino la gia kubwa, na kwa muda ule mfupi ambao meno hayo mawili yamegusana, nusukipenyo cha gia ndogo ni wenzo mmoja wenye egemeo kwenye ekseli yake, na nusukipenyo cha gia kubwa ni wenzo wa pili wenye egemeo lake. Kabla meno hayo hayajaachana, jozi inayofuata imekwisha kushikana. Ni kama mtu mwenye mitarimbo 12 anayeichomeka mmoja baada ya mwingine, na jiwe halipati nafasi ya kurudi chini.

Tutie namba. Gia ndogo ina meno 12 na nusukipenyo cha sentimita 2. Gia kubwa ina meno 36 na nusukipenyo cha sentimita 6. (Nusukipenyo hiki hakipimwi hadi kwenye ncha za meno wala hadi kwenye mashina yake, bali hadi kwenye duara lililo katikati ya hapo, pale ambapo magurudumu hayo yangegusana kama yangekuwa laini na kubiringishana bila kuteleza.) Ekseli ya gia ndogo imefungwa mpini wenye urefu wa sentimita 10, nawe unausukuma kwa kani ya newtoni 50. Nguvu ya kuzungusha ni kani mara umbali kutoka kwenye ekseli, kwa hiyo umeweka 50 × 0.1, yaani newtoni-mita 5. Kwenye meno umbali huo ni sentimita 2 tu, basi jino linasukuma kwa 5 ÷ 0.02, yaani newtoni 250. Kani hiyohiyo, bila kuongezeka wala kupungua, inapokewa na jino la gia kubwa. Lakini jino hilo liko sentimita 6 kutoka kwenye ekseli yake, hivyo nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye ekseli ya pili ni 250 × 0.06, yaani newtoni-mita 15. Umeweka 5, umepata 15.

Malipo yake yako kwenye mwendo. Gia ndogo ikimaliza mzunguko mmoja imepitisha meno 12, na kwa kuwa jino haliwezi kuruka jino, gia kubwa nayo imepitisha 12 kati ya meno yake 36, yaani theluthi ya mzunguko. Ukikokotoa kazi iliyofanyika, mzunguko mmoja wa mpini umekugharimu jouli 31.4, na theluthi ya mzunguko ya gia kubwa imetoa jouli 31.4 zilezile, tukiacha msuguano kando. Hicho ndicho gia inachorahisisha: inakuruhusu kuchagua kama kazi yako itoke kwa kani kubwa na mwendo mdogo, au kinyume chake. Angalia pia kwamba sikuhitaji rula kupata namba 3. Inatosha kugawanya meno 36 kwa 12.

SWALI: Nina baiskeli yenye gia kadhaa mbele na nyuma. Kila ninapopeleka mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele, pedali zinakuwa nzito mno, hasa kwenye mlima. Mbona husemwa kwamba gia kubwa ndiyo yenye nguvu? (Mwendesha baiskeli)

JIBU: Gia kubwa huongeza nguvu ya kuzungusha pale inapoendeshwa na gia ndogo. Inapokuwa yenyewe ndiyo inayoendesha, mambo hugeuka: nguvu hupungua na mwendo huongezeka. Mbele ya baiskeli ndiko kunakoendesha, kwa sababu ndiko miguu iliko. Nyuma ndiko kunakoendeshwa. Kwa hiyo ukitaka wepesi wa mlimani, tafuta gia ndogo mbele na kubwa nyuma.

Fanya jaribio hili leo, halihitaji kitu zaidi ya baiskeli yako, uzi na chaki. Pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani. Funga uzi kwenye spoku moja ya gurudumu la nyuma, kisha hesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma iliyoshika mnyororo. Tia alama ya chaki kwenye jino unaloanzia, maana mimi niliwahi kuhesabu gia moja mara tatu na kupata majibu matatu. Tuseme umepata 48 mbele na 16 nyuma. Shika pedali kwa mkono, uizungushe polepole mzunguko mmoja kamili huku ukitazama uzi. Utapita mara 3, kwa sababu 48 ÷ 16 ni 3.

Sasa turudi barabarani. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa karibu mita 2.2, basi kwa mzunguko mmoja wa pedali baiskeli inasonga mita 6.6. Wakati huohuo mguu wako, ukiwa umebebwa na mkono wa pedali wenye urefu wa sentimita 17, umezunguka duara la mita 1.07 tu. Barabara imesogea mara 6 na zaidi kuliko mguu, na hivyo kani inayofika ardhini ni pungufu kwa kiasi hichohicho: ukikanyaga kwa newtoni 300, tairi linasukuma barabara kwa takriban newtoni 49. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba baiskeli huipunguza kani ya mguu badala ya kuizidisha, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu kwenye barabara tambarare, ambako kinachotakiwa ni mwendo, inamshinda mwenda kwa miguu bila shida.

Mlimani newtoni 49 hazitoshi. Peleka mnyororo kwenye gia ya meno 32 mbele na 32 nyuma, na mzunguko mmoja wa pedali utakuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Sasa unasonga mita 2.2 tu, lakini newtoni 300 zilezile zinafika ardhini zikiwa karibu 146. Miguu itazunguka mara nyingi zaidi, tena hadi ionekane kama inapiga mbio bila kwenda popote, lakini baiskeli itapanda.

SWALI: Kwa nini gia mbili zilizoshikana huzunguka pande tofauti? Nataka zangu zizunguke upande mmoja. (Fundi chipukizi)

JIBU: Kwa sababu mahali zinapogusana, meno ya zote mbili lazima yaende upande mmoja. Ikiwa pale katikati meno yanashuka, basi gia ya kushoto inazunguka kufuata mishale ya saa, na ya kulia kinyume chake. Chomeka gia ya tatu katikati, na ile ya kwanza na ya mwisho zitazunguka upande mmoja. Usihangaike na idadi ya meno ya gia hiyo ya kati: kila jino inalopokea upande mmoja inalitoa upande wa pili, kwa hiyo haibadilishi uwiano hata kidogo, iwe na meno 10 au 100. Njia nyingine ni mnyororo, kama kwenye baiskeli, ambao huziacha gia zote mbili zielekee upande uleule.

SWALI: Nyumbani kuna saa ya zamani ya ukutani. Mishale yake yote iko kwenye tundu moja la katikati, yote inazunguka upande mmoja, lakini mmoja unazunguka mara 12 kwa mzunguko mmoja wa mwingine. Hilo linawezekanaje, na je, ndani kuna gia moja kubwa yenye meno mara 12 ya nyingine? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Hapana. Gia ya namna hiyo ingekuwa pana mno, na zaidi ya hayo ingeugeuza mshale wa saa uzunguke kinyume. Fundi wa saa huigawa 12 kuwa 3 × 4 na kuifanya kazi kwa hatua mbili. Kwenye ekseli ya mshale wa dakika kuna gia ndogo, tuseme ya meno 10, inayoendesha gia ya meno 30 iliyo pembeni. Juu ya ekseli hiyo ya pembeni, imefungwa pamoja na ile ya 30, kuna gia nyingine ndogo ya meno 8, nayo inaendesha gia ya meno 32 iliyobeba mshale wa saa. Hatua ya kwanza inapunguza mwendo mara 3, ya pili mara 4, na 3 × 4 ni 12. Mwelekeo umegeuzwa mara mbili, hivyo umerudi ulikoanza.

Na mishale ikaeje kwenye tundu moja? Ekseli ya mshale wa saa ni mrija, na ekseli ya mshale wa dakika hupita ndani yake. Hapo ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko wote katika saa. Kwa kuwa mfuatano wa gia unaondoka katikati, unakwenda pembeni na kurudi palepale katikati, umbali wa kwenda lazima ulingane na umbali wa kurudi. Jumlisha meno: 10 + 30 ni 40, na 8 + 32 ni 40. Kama meno yote yana ukubwa mmoja, umbali unalingana wenyewe.

Ustadi wa kugawanya namba hivi ni wa kale kuliko saa zenyewe. Karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, wapiga mbizi wa sifongo walikuta meli iliyozama, na katika vitu vilivyotolewa humo mwaka 1901 kulikuwa na pande la shaba lililoliwa na kutu. Ndani yake kumetambuliwa gia 30, zilizochongwa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, za mtambo uliokokotoa mwendo wa jua na mwezi. Mojawapo ina meno 223, idadi ya miezi ya mwandamo katika mzunguko wa kupatwa kwa jua na mwezi, ambao huchukua takriban miaka 18. Kwa nini wasiigawe kama fundi wetu alivyoigawa 12? Kwa sababu 223 ni namba tasa, haigawanyiki. Ilibidi wakae chini na kuchonga meno 223.

SWALI: Nilifungua pampu iliyokuwa ikilia na kukuta gia mbili, ndogo ina meno 19 na kubwa ina meno 56. Nilidhani nimekosea kuhesabu, kwa kuwa 57 ndiyo ingekuwa mara 3 kamili. Nimehesabu tena, ni 56. Ni kwa nini aliyeitengeneza aharibu hesabu nzuri kwa jino moja? Pia ile ndogo imemeguka jino. Je, ninunue yoyote yenye meno 19? (Fundi wa mitambo)

JIBU: Hukukosea, na aliyeitengeneza hakukosea pia. Tuseme angeweka 19 na 57. Kila jino la gia kubwa lingekutana na jino lilelile la gia ndogo katika kila mzunguko, maisha yote ya pampu. Kama jino moja la gia ndogo lina kipele kigumu kilichobaki wakati wa kuchongwa, kipele hicho kingegonga meno yaleyale 3 ya gia kubwa, mara mamilioni, mpaka yachimbike, huku mengine 54 yakiwa mazima. Namba 19 na 56 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Jino lililoanza kwa kugusa jino fulani litazunguka mara 56 kabla ya kuligusa tena, na katika kipindi hicho litakuwa limegusana na kila jino la gia kubwa mara moja. Kipele kitasuguliwa na meno yote 56 na kulainika, na ulaji utagawanyika sawasawa. Gharama yake ni kwamba uwiano umekuwa karibu 2.95 badala ya 3, jambo ambalo pampu haliisumbui kitu. Saa ingesumbuka, kwa sababu saa inataka 12 kamili, na ndiyo maana kwenye saa hutaona hila hii.

Kuhusu kununua, idadi ya meno haitoshi. Gia mbili hushikana vizuri kama meno yake yana ukubwa mmoja na umbo moja. Kwa gia zenye meno yaliyonyooka zilizochongwa kwa vipimo vya kawaida vya milimita, pima kipenyo cha nje, kutoka ncha hadi ncha, kisha gawanya kwa idadi ya meno uliyoiongezea 2. Ikiwa ndogo ina milimita 42, basi 42 ÷ 21 ni 2. Ikiwa kubwa ina milimita 116, basi 116 ÷ 58 ni 2. Namba hiyo ya 2 ndiyo kipimo cha jino, na ndiyo unayopaswa kumtajia muuzaji pamoja na idadi ya meno na upana wa tundu la ekseli. Ukipata gia ya meno 19 ambayo kipimo chake ni 2.5, haitaingia hata ukiipiga nyundo. Ningekushauri pia ubadilishe zote mbili, kwa sababu gia mpya ikikutana na gia iliyokwisha kulika, hulika haraka ili ifanane na mwenzake.

Umbo la jino nalo si la kubahatisha, ingawa kwa macho linaonekana kama mviringo wa kawaida. Zungushia uzi kwenye kopo, funga penseli kwenye ncha ya uzi, kisha ukunjue uzi huku ukiukaza. Mchoro utakaoachwa na penseli ndio ubavu wa jino la gia nyingi za leo. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, ndiye aliyependekeza umbo hilo katika karne ya 18. Faida yake ni kwamba mwendo hupita kwa ulaini kutoka jino moja hadi jingine, na hata ekseli zikitengana kidogo kwa sababu beringi zimechakaa, uwiano haubadiliki. Meno yaliyochongwa kama pembetatu, kama yale ya Antikythera, husukuma kwa kushtukashtuka: gia ya pili huongeza mwendo na kupunguza, ongeza na punguza, kila jino linapopita.

SWALI: Najifunza udereva. Nimeambiwa nipande mlima kwa gia namba moja au mbili, lakini sijaelezwa sababu. Vilevile, kwa nini gari langu hulia uuuu ninaporudi nyuma, ilhali likienda mbele liko kimya? (Dereva mwanafunzi)

JIBU: Sababu ni ileile ya baiskeli, isipokuwa injini haina hiari ya mguu. Mguu unaweza kukanyaga kwa nguvu hata ukiwa unakwenda polepole sana. Injini ikishuka chini ya mizunguko fulani kwa dakika, inazimika. Kwa hiyo lazima izunguke haraka hata pale magurudumu yanapotambaa, na gia ndizo zinazopatanisha.

Chukua gari ambalo gia namba moja ni 3.6 kwa 1, namba tano ni 0.8 kwa 1, na gia ya mwisho kwenye difu ni 4 kwa 1. Katika namba moja injini inazunguka 3.6 × 4, yaani mara 14.4, gurudumu likizunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,880 kwa dakika, magurudumu yanazunguka 200, na kwa tairi lenye mzingo wa mita 1.9 huo ni mwendo wa takriban kilomita 23 kwa saa. Nguvu ya kuzungusha imezidishwa mara 14.4, na mlima unapandika. Katika namba tano uwiano ni 3.2 tu: mizunguko ileile ya injini inakupa kilomita 103 kwa saa, lakini nguvu imezidishwa mara 3.2, na mlima mkali utaibana injini mpaka itetemeke.

Ule mlio unatokana na umbo la meno. Gia za kwenda mbele zina meno ya mshazari, ambayo hayagongani kwa upana wote kwa mara moja. Jino linaanza kugusa pembeni, kisha mguso unatambaa hadi upande wa pili, na wakati wote kuna zaidi ya jozi moja iliyoshikana. Gari likiwekwa gia ya kurudi nyuma, gia ya ziada huingizwa katikati ili kugeuza mwelekeo, kama tulivyomweleza fundi chipukizi hapo juu, na katika giaboksi nyingi za kubadili kwa mkono gia hiyo ina meno yaliyonyooka, kwa kuwa ni rahisi kuitelezesha iingie na kutoka. Meno yaliyonyooka hugusana kwa upana wote papo hapo, na kila mgongano una sauti yake. Sauti hizo zikifuatana mamia kwa sekunde, wewe unasikia uuuu.

SWALI: Nimeona winchi ya mkono ambayo mtu huachia mpini, na mzigo haushuki. Hakuna kufuli wala breki ninayoiona. (Mdadisi)

JIBU: Huenda ndani mna skrubu inayoendesha gia. Kila skrubu ikizunguka mara moja, gia inasogea jino moja tu; gia ikiwa na meno 40, uwiano ni 40 kwa 1 katika nafasi inayoenea kiganjani. Skrubu inaisukuma gia bila taabu, lakini gia ikitaka kuirudisha skrubu, inakuta mteremko wa nyuzi za skrubu ni mdogo sana na msuguano unaushinda. Vifunguo vya gitaa vinafanya kazi hivyohivyo, ndiyo sababu uzi haulegei ukiachia. Msuguano huo hauji bure, kwani sehemu kubwa ya kazi yako huishia kuwa joto. Na mtetemo unaweza kuulegeza mshiko, kwa hiyo usisimame chini ya mzigo kwa kuitumainia skrubu peke yake.

SWALI: Nina wazo ambalo naomba mlipime. Mota inazungusha gia kubwa, gia kubwa inazungusha gia ndogo kwa kasi mara 3, gia ndogo inazungusha dinamo, na dinamo inarudisha umeme kwenye mota. Kwa kuwa gia zimeongeza kasi mara 3, umeme utakaotoka utazidi ulioingia, na mtambo utajiendesha. Nimekosea wapi? (Mbunifu)

JIBU: Umehesabu kasi ukasahau nguvu ya kuzungusha. Gia zilizoongeza kasi ya dinamo mara 3 ndizo hizohizo zinazomfikishia mota ukinzani wa dinamo ukiwa umezidishwa mara 3. Kasi mara nguvu ya kuzungusha ndiyo wati, na wati zinazoingia kwenye gia ni zile zile zinazotoka, zikipungua kidogo kwa msuguano. Gia nzuri zenye grisi hupitisha takriban asilimia 98 kwa kila jozi, na huo ni ufanisi wa kusifiwa. Lakini hakuna idadi ya meno itakayoupeleka asilimia 101.

Anza na wati 100. Tuseme mota ina ufanisi wa asilimia 80, zinabaki 80. Gia zinapitisha 78. Dinamo yenye ufanisi wa asilimia 80 inarudisha karibu 63. Awamu ya pili inaanza na 63 na kuishia na 39, ya tatu inaishia na 25. Mtambo utazunguka kitambo kidogo kwa mwendo uliopewa mwanzoni, kisha utasimama, na ukiongeza jozi za gia utasimama mapema zaidi.

Kabla ya kununua chochote, shika dinamo ya baiskeli uizungushe kwa vidole bila kuunganisha kitu. Kisha iunganishe na taa yake uizungushe tena kwa kasi ileile. Uzito utakaousikia ghafla vidoleni, taa inapowaka, ndio ambao haukuwekwa kwenye mchoro wako.